Mgomba Mwekundu wa Ilford

Mume wangu alifariki majani yakianza kupukutika, akaniachia nyumba ya huku ughaibuni, Ilford, na migomba mitatu kwenye kibanda cha vioo uani. Watoto hatukujaaliwa. Nalisema hilo moja kwa moja, maana nimechoka na watu wanaozungukazunguka wakitafuta namna ya kuniuliza.

Migomba yenyewe haikuwa ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza asili yake Japani, jeuri, baridi wala haiutishi. Wa pili wa ndizi za kula, mfupi, umepandwa kwenye pipa na kudekezwa. Wa tatu ndio uliokuwa kipenzi cha marehemu: asili yake Uhabeshi, shina nene, majani mekundu kama bitiruti. Ndizi zake haziliki. Nilikuwa nikimtania, Mchagga gani huyu anafuga mgomba usioliwa, naye anacheka tu na kuendelea kuupangusa vumbi.

Kila mwaka baridi ikikaribia aliukata majani, akaufunga blanketi kuukuu, akaacha kabisa kuumwagilia mpaka jua lirudi. Kibanda hakina joto la maana, kuna kijihita cha kuzuia barafu tu. Mimi niliona ni ukatili. Safari hii zamu ilikuwa yangu, nikajisemea, haya, sasa kazi imepata mwenyewe. Nimezaliwa kihambani Marangu, katikati ya shamba la migomba la ukoo, halafu nifundishwe migomba na Wazungu? Kwetu mgomba unaonona ni ule wa nyuma ya jiko, unaomwagiwa maji ya vyombo na majivu. Basi blanketi nililifunga kama yeye, ila maji sikuyakata: kila nilipomaliza kuosha sahani yangu moja na kikombe changu kimoja, nilibeba beseni mpaka uani nikamwaga. Nikiwa kule niliongea. Nililalamikia treni, nikasimulia nani kaoa na nani kaachika huko nyumbani. Ukimya wa nyumba hii, jamani, hauzoeleki.

Ule mwekundu ukaoza. Nilifungua blanketi nikakuta shina limelainika kama parachichi lililopitiliza, linanuka. Wa Japani uko imara, wa ndizi umepauka lakini mzima. Niliumia, ila sikulia, kwa sababu kwetu mgomba haufi. Ukimkata mama, mtoto anachomoza ubavuni. Bibi yangu alikufa akaiacha migomba ile ile aliyoikuta alipoolewa. Nikaukata usawa wa udongo, nikafunika kisiki kwa majani makavu, nikangoja mtoto. Nilimtaka kwelikweli. Kitu kimoja tu cha mume wangu kiendelee kuwa hai mikononi mwangu, sikuomba zaidi ya hapo.

Kungoja mtoto nimekuzoea. Mawifi walinitupia maneno jikoni kila tulipokwenda likizo nyumbani. Mmoja alipenda kusema mgomba haushindwi na mkunguwe, huku ananitazama tumboni. Mume wangu yuko pale pale, anakunywa pombe yake ya mbege, kimya. Hakuwahi kuwajibu hata siku moja, na kwa hilo nilimwekea kinyongo miaka na miaka.

Jua likarudi. Mgomba wa Japani ukatoa watoto kibao, wa kwenye pipa ukafunua jani jipya. Mwekundu, hola. Kila asubuhi kabla ya chai nilipekua yale majani makavu kwa vidole.

Jirani yangu, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, aliniona kutoka upande wake wa uzio. Ndiye aliyefuatana na marehemu kwenda kuununua mgomba ule. Aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza kitu, nangoja mtoto wa mgomba. Akavua glavu.

"Dada, hii haizai," akasema. "Ingine zote zinazaa, lakini hii hapana. Inatoka kwa mbegu, inaishi, inakufa peke yake."

Nikamkatalia. Nikamwambia marehemu alikuwa mtu wa kihambani, asingenunua kitu kama hicho kwa kujua. Jirani akasema alijua vizuri sana. Muuzaji aliwaeleza pale pale, na yeye mwenyewe alimshauri achague mwingine.

"Alikataa kabisa," akasema. "Alisema, nachukua hii hii. Kwangu hakuna mtu ataisema vibaya."

Nilikaa chini, kwenye udongo uliolowa maji yangu ya vyombo. Miaka yote ile nilijua hakika kwamba hakuwahi kunitetea. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, na mzee wa watu akabaki amesimama kwake, hajui aangalie wapi. Nilitamani niingie ndani nimpikie mume wangu chai, nimkalishe, nimwombe radhi. Ndani hapakuwa na mtu.