Siku Nilipoifunga Barabara ya Koko

Nikisikia harufu ya majani ya mikaratusi yaliyokatwa sasa hivi, masikio yananiwaka kwa aibu, kisha nacheka peke yangu.

Kijiji chetu kiko kilimani, na barabara kubwa ya Butembo kwenda Beni inapita chini yake. Kutoka huko chini hadi kwetu kuna njia ya udongo, kilomita tatu tu. Koko, babu yangu, aliichimba kwa jembe pamoja na wenzake, kila familia na kipande chake. Siku ya mahari ya Tante Kahambu, shangazi yangu, alitaka jambo moja: wakwe kutoka Beni wapande na gari mpaka mlangoni kwake.

Mvua ilikuwa imekula upande mmoja wa njia pale inapoanzia. Koko akanituma niweke matawi ya mikaratusi upande huo, dereva auepuke. Nilikuwa na miaka minane, na tayari nilikuwa mtu wa kuwaza mno. Upande mzuri nao niliuona una ufa, mwembamba kama unywele. Je, ukibomoka? Je, wakwe wakianguka na harusi ife? Nikaweka matawi njia nzima, ukingo hadi ukingo. Kwetu, hiyo maana yake ni moja: simama, mbele kuna gari limeharibika.

Gari la wakwe likasimama kule chini, likapiga honi. Koko akashuka, mimi nyuma yake.

"Papa, kule juu kuko gari imekufa?" dereva aliuliza.

Koko akayatazama matawi, akanitazama mimi. "Mushuke tu. Tutapanda na miguu."

"Lakini papa, na hii mbuzi yote?"

"Mbuzi iko na miguu mingi kukupita wewe!"

Wakwe wakaangua kicheko. Akina mama wakavua viatu, wimbo ukaanza, mbuzi wakatangulia. Kila kona Koko alisimamisha msafara: hapa akina Paluku walivunja jiwe wiki nzima; hapa msichana mmoja alimletea maji, naye Koko akasahau jembe, na sasa ndiye bibi yetu. Wakwe waliuliza, wakashangaa, wakafika na tope magotini wakimwita "Muzee wa Barabara".

Kwa miaka nilijilaumu kwamba nilimnyima gari lake mlangoni. Juzi, nikirudi na diploma yangu, pikipiki ilinipandisha njia ile kwa dakika chache, na kwa kelele zake sikusikia hata neno la dereva. Ndipo nilipoelewa. Yale matawi hata mtoto angeyavuta kando. Koko aliyaruka makusudi, akaenda kuwashika wakwe mkono, wapande naye wakimsikiliza.