Mwanika ng'onda aliyeacha kuonja

Maji yanakupwa Nyamisati, kijiji cha pwani, na jua limeanza kupata nguvu. Mwanamina Ukasha anapanga samaki aina ya hongwe waliopasuliwa juu ya chanja, upande wa nyama ukitazama juu. Kabla ya kushika samaki amejibonyeza mguuni kwa kidole gumba. Hakikubaki kishimo.

"Leo miguu ni yangu," anasema.

Mwanamina, 34, anaanika ng'onda, samaki wa chumvi, kazi aliyorithi kwa mama yake. Mwaka jana alianza kuamka uso na miguu vimevimba, akijibonyeza panabaki kishimo, na mkojo una povu. Majirani walisema kakumbwa na jini la mikokoni. Vipimo vilionyesha figo zinavujisha protini kwenye mkojo, hali ambayo madaktari huiita sindromu ya nefrotiki.

Alipewa dawa na kuonywa asizikatize. Apunguze sana chumvi, ale protini kwa kiasi, ajipime uzito kila asubuhi, na akipata homa awahi hospitali. Kazi aendelee nayo, kwa kuwa chumvi haipenyi viganjani. Ila asishike mimba mpaka figo zitulie. Hilo ndilo lililomuuma. Yeye na mumewe, Faraji, wana mtoto mmoja na wanatamani mwingine.

Akaanza kupika bila chumvi. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vikashika nafasi yake. Faraji alikula naye siku za mwanzo bila kulalamika, kisha akawa anarudi nyumbani keshakula kwa dada yake.

Hata hivyo, uvimbe haukuisha.

Kliniki, muuguzi Habiba alimtaka ataje kila kilichopita mdomoni tangu alfajiri. Akataja chai, muhogo na samaki mbichi wa kuchemsha. Ng'onda hakuitaja. Waanikaji wa hapa hupima kama chumvi imekolea kwa kumega kipande cha mkiani na kukitafuna, na Mwanamina ndiye mwonjaji ambaye wenzake wote wanamtegemea.

Aliyemuumbua ni wifi yake, Zuhra, aliyemsindikiza.

"Na vile unavyomega chanjani, wifi, vinapitia sikioni?"

Mwanamina anasema hakukusudia kuficha. Tangu utotoni anajua kwamba mpishi aliyefunga Ramadhani anaweza kuonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema, na saumu yake ikabaki.

"Kichwani mwangu kuonja si kula," anasema. "Nikasahau kwamba mimi nameza."

Habiba hakumcheka. "Figo haziangalii nia, dada," alimwambia. "Zinaangalia kilichoingia."

Sasa mwonjaji ni Zuhra, na cheo hicho anakitembeza kijiji kizima. Mwanzoni alikosea, mzigo mmoja ukaota ukungu, na wenzao wakamsihi Mwanamina aonje japo mara moja. Alikataa. Siku hizi anamkunja samaki na kumbonyeza nyama kuona kama amekauka, kisha anamwachia wifi yake neno la mwisho.

Uvimbe umeshuka na povu limepungua, ingawa protini bado inaonekana kwenye vipimo na dawa zinaendelea. Faraji amerudi kula nyumbani. Anasema ndimu ameizoea.

Baada ya Idi, Mwanamina atakwenda kupima tena, na safari hii amepanga kuuliza habari ya mimba.

"Wakisema nisubiri, nitasubiri," anasema, akigeuza samaki wa mwisho. "Lakini sitasubiri huku najiharibia mwenyewe."