Mapovu ya Kona Yangu

Juzi, baada ya kukwaruzana na baba mdogo, nilishuka bondeni chini ya migomba yetu huku Nyaishozi, nikachoma fimbo kwenye tope. Mapovu yakapanda, blu blu blu, na ile harufu ya yai viza ikanirudisha utotoni. Nilicheka peke yangu. Ungekuwepo, rafiki yangu, ungedhani nimechanganyikiwa.

Enzi zetu bonde lile lilikuwa mafunjo matupu. Asubuhi tulimfuata bibi kukata nyasi za kutandika sakafuni, miguu imezama hadi magotini, vyura wanatupigia kelele. Mchana tulikula ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, bado vya moto. Jirani mmoja alituambia mapovu yale ni pumzi ya mizimu, na msichana akiyachezea haolewi. Bibi hakubishana naye. Alisema tu, "Tope halina mzimu, lina kazi."

Kazi yenyewe nilionyeshwa na mwalimu wa sayansi, darasa la sita. Alikata kitako cha chupa ya plastiki, akaizamisha ikajaa maji, akafunga kifuniko, akatuambia tuchokoe tope chini yake. Mapovu yakaingia, maji yakashuka. Ni methani, alisema, gesi inayotokana na majani yanayooza chini ya maji. Kisha akauliza nani atawasha kiberiti. Wavulana wote walirudi nyuma wakikumbuka mizimu. Nikaenda mimi. Mwalimu alifungua kifuniko huku akiididimiza chupa, na mwali wa buluu ukasimama pale mdomoni. Nyusi zangu ziliungua kidogo, wala sikujali.

Bibi aliposikia alicheka hadi akakaa chini. Miaka baadaye, alipogawa shamba, wanawe walipata migomba na kahawa. Mimi, kwa kuwa kwetu msichana hapewi kibanja, shamba la ukoo, akanipa kona ya matope ambayo hakuna aliyeitaka. "Mwacheni," ukoo ukasema, "atapikia mapovu."

Leo hawacheki. Wamechimba mifereji bonde zima, wakapanda mikaratusi na mboga, na chemchemi tuliyochota maji imekauka. Mafunjo yamekwisha, vyura wamenyamaza. Inaniuma, sitakuficha. Kona pekee yenye maji ni yangu, na juzi nilimkuta baba mdogo mpakani na vibarua wenye majembe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tunakusaidia tu kukausha hili tope lako."

"Asante. Ila mfereji unaishia hapo uliposimama."

Akaniambia nimekuwa mkaidi kama mama yake. Nikamshukuru. Akaliangalia tope, kisha akawaita vibarua wake wakaondoka.

Atarudi, namjua. Na mimi nipo. Jumamosi nitashuka na wajukuu wake wawili wa kike, tukiwa na chupa na kiberiti. Wataungua nyusi kidogo. Nyusi huota tena, bonde likishakauka halirudi.