Wa Kunishikia Nafasi

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, nilitoka nje ya nyumba yetu pale Burumba nikaenda barabarani kuangalia malori. Foleni ikiwa ndefu, bosi angepiga simu. Ikiwa fupi, siku imekufa. Nilikuwa kibarua wa nusu siku kwa wakala wa forodha: napeleka makaratasi kwa madereva, napanda ngazi ya lori, wanatia sahihi, nateremka. Tukisikia mpaka wa Malaba umekwama, wengine walisikitika. Mimi nilishukuru Mungu, maana madereva wangegeuza waje Busia.

Mimba ilipofika miezi saba nilivaa sweta ya mume wangu hata jua likiwaka, nikajiona mjanja. Siku moja dereva akanyoosha mkono dirishani. "Mama, wacha kupanda. Mimi nitashuka." Kesho yake wakashuka wote. Bosi akawaona wamejipanga chini kunisubiri, akaniangalia tumbo.

Hakunifukuza. "Weka mtu wako akushikie," alisema. Hapa mpakani vibarua ndivyo tunavyofanya: ukiondoka bila kuacha mtu wa kwenu, ukirudi unakuta mgeni hapo kwako. Nikamuuliza kama nitarudi kweli.

"Tutaona, mama."

Hiyo tutaona ililala na mimi, ikaamka na mimi. Nilifagia palipofagiliwa. Nilimfokea mume wangu eti anapumua kwa nguvu.

Nikamleta wifi yangu, dada ya mume wangu, kutoka Sigalame. Tulikuwa tumeshakubaliana atakuja kunilelea mtoto, basi aje mapema. Na nilimtaka yeye hasa kwa kuwa ni mzito. Kuosha sufuria moja humchukua asubuhi nzima. Nilitaka mtu wa kunishikia nafasi tu, si wa kung'aa. Bosi angenikumbuka haraka.

Kumbe uzito wake ni wa sufuria. Kwenye malori alikimbia. Aliwahi kuuza samaki wa omena ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo Kiganda anakijua, na madereva wa Uganda walimwita kwa kicheko toka mbali. Nilifurahi kwa ajili yake, na roho iliniuma, yote kwa pamoja.

Juzi foleni ilikuwa ndefu hata sikuona mwisho wake. Simu yangu ikalia. Bosi! Nilisimama haraka mpaka mgongo ukalia.

"Mama, mwambie wifi yako aje mbio. Simu yake haishiki."

Nikamwambia. Alitoka hata chai hajamaliza.

Jioni alirudi na vumbi hadi magotini. Nikamwekea ugali na mboga. Alinawa, akakaa, akanitazama tumbo kwa huruma, na najua haikuwa ya kuigiza.

"Dada," akasema, "sasa huyu mtoto tutamtafutia nani wa kumlea?"