Sanduku Lisilo na Dume

Leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia nijifukie. Enzi za Mwingereza nilikuwa mtunza panya weupe kwenye maabara ya mifugo nje ya mji wa Dodoma, na bwana mkubwa wetu, Mzungu mmoja mpole, alikuwa akichunguza kitezi kinachokaa juu ya figo: cha jike hukua kikakipita cha dume, kwa sababu kokwa za dume hupeleka habari kwenye damu, na chembe za kitezi chake zikiipata habari hiyo haziendelei kukua sana (ndivyo alivyonieleza, nami nikawa naitangaza kilabuni kama vile niligundua mimi).

Basi wazee wakaalikwa kuja kuona, akiwemo Mzee Chilongani, baba yake Dorika, msichana niliyekwisha kumpelekea posa na jibu sijapewa. Bwana aliniagiza tangu jana yake, "Tenga dume na jike mapema." Nikaona aa, mimi mtoto wa mfugaji! Nitachagua palepale barazani, mkwe ajionee. Nikawatia wote sanduku moja.

Asubuhi upepo wa Julai unakata masikio. Nikamwinua wa kwanza, nikamchungulia kama nimchunguliavyo beberu, hana kitu. "Jike!" Wa pili, jike. Wa tatu, jike, na anayefuata vilevile (kumbe panya dume akipata baridi na woga huvuta kokwa tumboni, nani aliniambia?). Jasho likanitoka na baridi yote ile.

"Kijana," akasema Mzee Chilongani, "kama wote majike, wamezaliwa na nani?"

Baraza zima likaangua kicheko, panya akaning'ata, sanduku likaniponyoka, panya wakatawanyika ndani ya mashuka waliyojitanda wazee, na mkwe wangu mtarajiwa akaruka juu ya kiti cha bwana mkubwa.

Ningeweza kukimbia. Lakini Dorika nilimtaka. Nikatambaa miguuni mwa watu nikiwakamata, kisha nikamfumbata mmoja viganjani, nikampulizia pumzi, wacheke wanavyotaka, mpaka akapata joto na kokwa zikashuka zenyewe.

"Baba, dume huyu hapa!" nikapiga kelele, nikamsogezea mpaka puani.

Bwana akapasua dume na jike, vitezi vikawekwa kisahanini, cha jike kikubwa kweli, wazee wakainama kutazama. Wakati wa kuondoka Mzee akanishika bega mbele ya wote.

"Dorika utampata. Ila mbuzi wa mahari atawachagua mama yako."

"Ndiyo, baba," nikajibu, nikaapa sichungulii tena mnyama mbele ya watu, na siku ya mahari nilisimama nyuma kabisa ya zizi, mikono mfukoni, mama akichagua.