Kiungulia Kilichokataa Ndizi

Mpaka leo sielewi nilikosaje kujua. Nilikuwa mchuma majani chai Kericho, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, kifua kilipoanza kuniunguza. Nikaacha chai ya rangi, nikala ndizi za kuchemsha na uji wa wimbi usiochacha. Kiungulia kikazidi, na sketi ikanibana. Nikajiuliza, uji gani huu unanenepesha tumbo peke yake?

Kerubo, mke wa mwanangu, alikuwa mjamzito. Tukaenda zahanati pamoja.

“Mama, ni kiungulia tu kweli?” aliniuliza.

“Sasa kiwe nini kingine?”

Dresa, mhudumu wa zahanati, akanipapasa tumbo mbele ya foleni nzima, akacheka.

“Mama, hiki kiungulia kinapiga teke.”

Nikamgeukia Kerubo. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka kwa kicheko.