Watoto wa Ghorofa ya Tatu

Vernetta Ashby alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi katika shule ile ya Bronx kabla jengo halijagawanywa. Ghorofa mbili za chini zilibaki kwa shule ya mtaa, shule yake. Ya tatu ikapewa shule ya mkataba, inayolipiwa na serikali lakini yenye bodi na sheria zake, na inayopata watoto wake kwa bahati nasibu. Kuta za juu zilipakwa rangi upya. Za chini ziliachwa vile vile.

Rangi angeivumilia. Kilichomkaa rohoni ni Yudelka Peralta. Binti huyo wa Kidominikana alikuja darasani kwake kujifunza ualimu, hajui hata kunyamazisha watoto bila kupayuka, na Vernetta akamshika mkono mwaka mzima. Alipohitimu tu, Yudelka akapanda ngazi, akaenda kufundisha shule ya juu. Sasa wazazi wakimkuta Vernetta dukani walimuuliza, bila hata haya, kama hana njia ya kuwaingizia mtoto kwa Bi Peralta.

Kisha ikaja zamu ya nyumba yake. Binti yake Renita aliandikisha jina la mwanawe Janiya kwenye bahati nasibu kimya kimya, jina likatoka, ndipo akasema, mama yake akiwa jikoni anakoroga makaroni ya jibini.

"Mama, usikasirike."

"Nimekasirika wapi?"

"Umeshika hicho kijiko kama unataka kumchapa mtu."

"Mwalimu wa nyumba hii ni mimi, Renita. Umemchukua mjukuu wangu ukampa yule niliyemfundisha kushika chaki."

"Nimempa nafasi. Darasani kwako wamejaa mpaka dirishani, Mama. Nusu yao huwezi hata kuwasikia."

Tangu hapo bibi na mjukuu walitembea pamoja kila asubuhi hadi kwenye geti, halafu Janiya, katika fulana ya njano ya shule ya juu, akaingia kwa mlango wa pembeni. Jioni moja alisoma kwa sauti, akitiririka kama mtangazaji. Vernetta alipoweka kidole chini ya neno ili amsaidie, mtoto akakisogeza taratibu.

"Bi Peralta anasema kidole kinachelewesha macho, Bibi."

Usiku ule Vernetta hakula makaroni yake.

Matokeo ya mtihani wa jimbo yalipotoka, juu walikuwa wamefaulu karibu wote. Chini alifaulu mmoja katika kila watatu. Gazeti la mtaa likasisitiza kwamba ni watoto wale wale: weusi na Walatino, mitaa ile ile, umaskini ule ule.

"Wale wale," Vernetta alisema kwenye chumba cha walimu. "Kwao kuna aliyetua juzi kutoka Honduras, Kiingereza hakijui? Kuna wangapi wanaolala kwenye makazi ya wasio na nyumba?"

"Wachache," alijibu Feldstein, mwalimu wa darasa la nne. "Lakini hata ukiwaweka kando hao, wanafunzi wako waliobaki bado wako nyuma ya wa Yudelka."

Vernetta alikusanya madaftari yake, akatoka kabla ya kengele.

Baada ya likizo ya Krismasi akaletewa Mirelys. Msichana huyu alikuwa wa darasa la Yudelka, asiyeweza kukaa kitini, anayeropoka katikati ya somo. Mama yake aliitwa juu mara nyingi kiasi kwamba alikaribia kufukuzwa kazi, mpaka akachoka na kumhamishia chini. Vernetta alimpokea akitabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa kwa ajili ya mtoto. Mchana alimvizia Yudelka kwenye ngazi.

"Kwa hiyo ndivyo mnavyofaulu. Anayewaharibia matokeo mnamteremsha kwangu."

Yudelka alitazama viatu vyake. "Si mimi niliyeamua, mwalimu. Nililia siku aliyoondoka."

"Ulilia, ukapanda ngazi."

"Na Janiya je? Ukituona wabaya hivyo, mbona humteremshi na yeye?"

Vernetta aligeuka, akashuka ngazi. Alirudi darasani na wazo moja: Mirelys atafaulu, na watu wa juu watauona uso wa mtoto waliyemkataa.

Alimbana kuanzia siku hiyo. Alimnyima mapumziko ya kucheza, akamkalisha na vifungu vya kusoma, akamwondolea kidole alipojaribu kufuatisha maneno. Mirelys alianza kutafuna kola ya shati lake. Siku moja mwezi wa tatu aliteleza chini ya meza, akakataa kutoka.

Vernetta alipiga magoti. "Mpenzi, tumebakiza ukurasa mmoja."

"Waliniambia huku hakuna kubanwa hivi," mtoto alisema. "Wewe uko kama walimu wa juu."

Vernetta alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea mguu wa meza, mpaka Mirelys akatoka mwenyewe. Kesho yake alimrudishia mapumziko yake na kidole chake. Alimwomba msamaha mama wa Mirelys mlangoni, na mama huyo, akiwa bado na sare ya kazi, akasema, "Angalau wewe hunipigii simu kazini."

Mirelys hakufaulu mtihani. Alifeli kwa alama chache, na kwa Vernetta zile chache ziliuma kuliko kama angefeli vibaya. Lakini mwezi wa sita aliweza kusoma kitabu kizima cha pomboo akiwa amesimama, akizunguka meza yake, na hakuna aliyemwambia akae.

Juma hilo hilo Janiya alipewa cheti ghorofa ya tatu. Vernetta alipanda, akakaa safu ya nyuma pembeni ya Renita. Jina lilipotajwa, mtoto alimkimbilia Yudelka kwanza, akamkumbatia kiunoni, ndipo akamtafuta bibi yake kwa macho.

Yudelka alimfuata Vernetta baadaye, akiwa na kipande cha keki kwenye sahani ya karatasi. "Asante kwa kuja, mwalimu. Mirelys anaendeleaje?"

"Anasoma," Vernetta alisema, akapokea keki. Ilikuwa keki nzuri. Hilo nalo lilimkera.